Jamvi (sakafu ya zege) la karakana nyumbani: chunga maji

Sakafu ya karakana yangu ya kwanza mpaka leo nikifagia inatoa vumbi jeupe kama unga, fagia mara tatu bado lipo. Simenti haikuwa na shida, shida ilikuwa maji. Saidia fundi akichoka kukoroga anaongeza ndoo, zege linakuwa uji, linamwagika kiulaini kila mtu anafurahi. Banda la pili nikasimama mwenyewe kwenye koroga.

Tuchukue banda la mita 4 kwa 5. Toa udongo wa juu wenye mizizi kama sentimita 20, panga mawe, juu yake moramu, mwagia maji shindilia, halafu shindilia tena maana hapa ndo watu wanalipua na jamvi linakuja kukatika baadaye. Kama ni karakana ya mbao piga dawa ya mchwa kabisa. Funga mbao za pembeni kwa pima maji, kisha pima kona kwa kona, ulalo utoke mita 6.40 pande zote mbili, zikipishana basi banda lako limekaa upande. Tandika nailoni nzito. Na paipu ya waya wa umeme itegeshe sasa hivi, mimi niliisahau nikaja kuchimbua zege na tindo wiki nzima.

Nondo za milimita 10 kila sentimita 20 zinatosha, ila ziinue na biskuti, vile vitofali vidogo vya zege, nondo ikilala kwenye nailoni ni hela umezika.

Unene sentimita 10, pale itakapokaa mashine nzito chimba ifike 15 au 20. Hiyo ni kama kyubiki (mita za ujazo) 2 za zege, kwa ratio ya 1:2:4, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, andaa mifuko 14 ya kilo 50, na zaidi kidogo kama umechimba pa mashine. Mfuko mmoja unaenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, ndoo za lita 20. Maji lita 25 hivi, mchanga ukiwa mbichi punguza. Koroga kwanza kavu mpaka rangi iwe moja. Kisha chota zege ukalifinye mkononi: likishikana na kiganja kikabaki na unyevu tu liko poa, likichuruzika maji kati ya vidole umeshaharibu, ongeza simenti na mchanga na kokoto kwa kipimo kilekile.

Anza asubuhi mapema umalize siku hiyohiyo. Vaa gambuti, simenti mbichi inachoma ngozi na hutasikia mpaka jioni. Chomachoma na nondo hewa itoke, vuta rula, ule ubao mrefu ulionyooka wa kusawazisha, halafu subiri yale maji yanayopanda juu yakauke ndo upige sakafu laini, ukiwahi au ukinyunyiza simenti kavu kuyanyonya ni chanzo kingine cha vumbi kama lile langu. Kesho yake kata mistari miwili ya msalaba katikati, kina sentimita 2.5, zege likitaka kupasuka lipasukie humo.

Funika na viroba vilivyolowa, mwagilia asubuhi na jioni siku 7, na fukuza kuku, nina nyayo zao pale mlangoni. Mashine nzito nilizifunga bolti siku ya 28, benchi la mbao niliingiza baada ya wiki.