Kupiga Koncheto na Okestra: Mwongozo kwa Wapiga Fidla Vijana wa Zanzibar

Mpiga fidla kijana anapopata mwaliko wa kupiga koncheto mbele ya okestra, karibu kila mara hujifungia chumbani na kuanza kukariri sehemu yake. Kazi hiyo haiepukiki, lakini koncheto imeandikwa kwa pande mbili zinazopokezana, mpiga ala mmoja (mpiga solo) na okestra nzima, na anayeijua sehemu yake peke yake huwa ameijua nusu. Mwongozo huu nauandika kwa wanafunzi wa fidla wa Unguja na Pemba, pamoja na walimu na wazazi wao, nikitilia mkazo ile nusu ya pili, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha vijana wenye vidole vyepesi kabisa.

Kijana wa Zanzibar ana akiba ambayo wenzake wa nchi nyingi hawanayo. Wengi wameisikia fidla kwanza katika taarab, kwa mafundi wa Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, au wa Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, na baadhi yao wamesoma nota katika Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Katika taarab mwimbaji akimaliza mshororo, fidla humpokea. Akirefusha sauti, fidla humsubiri. Aliyekaa katika safu ya fidla na kujifunza kusubiri huko, sikio lake limekwisha kuandaliwa kwa koncheto, hata kama hajawahi kuiona okestra ya simfoni kwa macho yake.

Kuchagua koncheto

Chagua kwa kuitazama okestra utakayoipata, si kwa sifa ya koncheto yenyewe. Ikiwa wapigaji watakusanywa hapa hapa, koncheto ya Vivaldi ya A maina, Opus 3 namba 6, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1711, inafaa sana, kwa sababu inahitaji ala za nyuzi na kinanda cha kushikilia besi tu. Fidla, chelo na besi kubwa zinapatikana katika vikundi vya taarab. Viola ni adimu zaidi, lakini sehemu yake inaweza kupewa fidla na kurekebishwa pale inaposhuka chini ya uzi wa G, ulio mzito kuliko zote za fidla. Koncheto ya Bach ya A maina nayo haidai zaidi ya hayo kwa upande wa okestra, ingawa kwa mpiga solo ni nzito zaidi.

Ikiwa mwaliko umetoka kwa okestra kamili, iwe ya Nairobi au ya Ulaya, hatua inayofuata kwa kijana aliyekomaa ni Mozart. Koncheto yake ya tatu, ya G meja, aliiandika Salzburg mwaka 1775 akiwa na umri wa miaka 19, na okestra yake ni ndogo: nyuzi, pamoja na ala za kupuliza, yaani obo mbili na honi mbili. Mendelssohn, Bruch na Beethoven wangoje. Kijana wa miaka kumi na mitatu anayesukumwa kupiga Mendelssohn ili wageni wastaajabu huvuna makofi ya siku moja na mkono uliokakamaa kwa miaka, na jambo hili mzazi anapaswa kulikataa waziwazi hata kama aliyelipendekeza ni mtu wa heshima.

Kuijua okestra kabla ya kukutana nayo

Tafuta kitabu cha nota zote, yaani kile anachokitumia mwongozaji wa okestra, ambamo kila ala ina mstari wake. Nota za Vivaldi, Bach na Mozart haziko tena chini ya hakimiliki, na matoleo mengi ya zamani yanapatikana bila malipo katika mtandao. Kitabu hicho usikifungue ukiwa umeshika fidla. Kaa nacho, sikiliza rekodi, fuatisha mstari wa besi kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku ya pili fuatisha fidla za pili. Siku ya tatu fuatisha ala za kupuliza. Kisha uimbe. Mwalimu apige sehemu yako nawe uimbe ya okestra, mpaka uweze kuishikilia bila ya kuvutwa na fidla.

Katika Mozart huyu wa G meja, kwa mfano, okestra hupiga peke yake kwa zaidi ya dakika moja kabla yako, na wimbo utakaouingia nao ni ule ule walioufungulia. Aliyesimama pale akihesabu vipimo vya mapigo kwa hofu ataingia kama mgeni. Aliyekuwa akiwasikiliza ataingia akijua namna walivyoutamka, mfupi au mrefu, mwepesi au mzito, na atawajibu kwa matamshi yale yale au atayabadilisha kwa makusudi. Katika sehemu ya pili ya koncheto hiyo obo hunyamaza na mahali pake hushikwa na filimbi mbili, huku fidla za okestra zikiwekewa vizibo vya kupunguza sauti. Mpiga solo asiyelijua hilo huingia na sauti nene mno na kuyafunika yale ambayo Mozart alitaka yasikike. Nenda hivyo kipimo kwa kipimo, uandike kwa penseli juu ya nota zako: hapa nasikiliza honi, hapa chelo ndiyo inayonibeba, hapa fidla za kwanza zinasema nami neno moja.

Mazoezi na piano ni daraja la lazima, lakini piano ina tabia mbili za kudanganya. Mpigaji mmoja hukufuata papo hapo, jambo ambalo watu arubaini hawaliwezi, na sauti ya piano hufa upesi, ilhali ala za nyuzi za okestra hushikilia nota na kukuzingira. Kwa hiyo mwombe mpiga piano, katika wiki za mwisho, asikufuate kabisa pale unapokimbia. Mwache aendelee na mwendo mliokubaliana, nawe ujifunze kurudi.

Kuna jambo la vidole pia. Maqamu, yaani mifumo ya nota ya muziki wa Kiarabu, kama Rasti na Bayati yana nota zinazokaa kati ya nota mbili za piano, na mkono uliozoea taarab huzitafuta wenyewe. Hiyo ni hazina, wala asikutokee mtu akakwambia uifute. Jifunze tu kufunga mlango mmoja na kufungua mwingine: kabla ya Mozart piga skeli (ngazi ya nota) polepole juu ya uzi mmoja ulioachwa wazi ukilia mfululizo, mpaka nota ya tatu na ya sita zitulie mahali pake.

Kuhusu kadenza, yaani pale okestra inaponyamaza na mpiga solo akapiga peke yake, Mozart hakutuachia hata moja ya koncheto zake za fidla, hivyo utachukua iliyoandikwa na mwengine au utatunga. Aliyezoea taksim, ule upigaji wa kubuni papo hapo, anajua kutoka nyumbani kwa nota na kurudi bila kupotea, na ujuzi huo utamsaidia sana, maadamu lugha ibaki ya Mozart. Iwe fupi. Mwisho wake uwe mtetemo wa nota mbili uliozoeleka, kwa kuwa huo ndio ishara ambayo mwongozaji na okestra nzima wanaisubiri ili waingie.

Kukutana na mwongozaji, na mazoezi yenyewe

Omba nusu saa na mwongozaji kabla ya mazoezi ya kwanza. Msalimie kwa adabu zetu zote, halafu zungumza naye wazi kama mfanyakazi mwenzake, kwani kijana anayeitikia "ndiyo, mwalimu" kwa kila jambo atajikuta jukwaani katika mwendo asioumudu. Mwimbie mwendo unaoutaka, na uuchukue kutoka pale penye nota za kasi kuliko zote. Wengi huuchukua kutoka mwanzo ulio mwepesi, na baadaye hujuta. Mwoneshe mahali unapopunguza mwendo. Mpe nakala ya kadenza. Mkubaliane pia kama utapiga pamoja na fidla za kwanza pale okestra inapokuwa peke yake.

Okestra nyingi humpa mpiga solo mazoezi mawili tu, na mara nyingi la pili huwa siku ile ile ya onesho. Muda huo si wa kujifunzia. Ukikosea, endelea, mwongozaji ndiye anayesimamisha. Simama mkono wa kushoto wa mwongozaji, uso wa fidla ukiwaelekea wasikilizaji, na uhakikishe kwamba ukigeuza shingo kidogo unamwona yeye na kinara wa fidla, yaani kiongozi wa fidla za kwanza. Pumua kwa pua kabla ya kila mwingilio, kwa mwendo ule ule wa nota zinazofuata, na uinue upinde ndani ya pumzi hiyo, kwani wapigaji huisoma pumzi yako kuliko wanavyousoma uso wako.

Besi zitakapokujia zimechelewa kidogo usizisubiri. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye mita 10 nyuma yako hukufikia baada ya karibu sehemu tatu za mia za sekunde, na ukimsubiri naye akakusubiri, mwendo wote utazama. Tumia macho. Na pale nota zako zinaposema piga kwa upole, upole wako uwe na kiini: sogeza upinde karibu kidogo na kidaraja kinachobeba nyuzi, upunguze kasi ya mkono, ili sauti iwe ndogo lakini ifike mstari wa mwisho.

Ala na hewa ya kwetu

Zanzibar ni pagumu kwa fidla. Wakati wa masika mbao hunywa unyevu, vigingi vya kukazia nyuzi hugoma kuzunguka, nywele za upinde hurefuka hata skrubu ikafika mwisho bila ya kukaza, na gundi ya asili iliyounganisha mbao hulainika kwenye joto kali. Gari lililofungwa juani linaweza kuifungua fidla kwa mchana mmoja. Weka ndani ya sanduku vifuko vya kunyonya unyevu, uvibadilishe au uvikaushe, na ukiweza uwe na kipimo kidogo cha unyevu. Kati ya asilimia 40 na 60 ala hukaa salama.

Ukisafiri kwenda Ulaya wakati wa baridi, mambo hugeuka kabisa. Vyumba vinavyopashwa moto huwa vikavu mno, mbao husinyaa, vigingi huteleza na ufa unaweza kutokea. Hapo fidla inahitaji kurejeshewa unyevu, si kunyang'anywa, na kuna vifaa vidogo vya sponji vya kazi hiyo. Ndani ya ndege ala ikae nawe. Legeza nyuzi kidogo tu, kamwe usizilegeze zote kabisa, kwa sababu kijiti kilichosimama ndani kati ya uso na mgongo wa fidla hakikugandishwa. Mkazo wa nyuzi ndio unaokishikilia.

Nyuzi mpya zifungwe wiki moja au zaidi kabla ya onesho, kwani huendelea kuvutika kwa siku kadhaa. Nyuzi nzuri ziagizwe mapema, na uzi wa E uwe na akiba, maana ndio unaokatika. Mwaka 1986, huko Tanglewood, Marekani, mpiga fidla Midori akiwa na miaka 14 alikatikiwa na uzi wa E mbele ya mwongozaji Leonard Bernstein na Boston Symphony Orchestra; akachukua fidla ya kinara, uzi wa E ukakatika tena, akachukua ya jirani yake, akamaliza. Utaratibu ni huo: mgeukie kinara, umpe yako, upokee yake, uendelee. Ufanyie mazoezi mara moja na kinara wako, kwani fidla ya mtu mwengine ni ngeni mkononi.

Siku ya onesho

Vaa nguo za onesho katika mazoezi ya mwisho. Mkono mpana wa kanzu hunasa upinde unapofika kwenye uzi wa E, na fundi anaweza kuubana. Kwa msichana anayevaa ushungi, kitambaa kinachoteleza huingia kati ya taya na kiegemeo cha kidevu, na fidla huanza kuhama kila anaposhuka kutoka nota za juu. Achague pamba isiyoteleza, akibane kwa pini nyuma ya sikio la kushoto ili sehemu ya chini ya taya ibaki na mkunjo mmoja tu, kisha apige koncheto nzima akiwa amevaa hivyo kabla ya siku yenyewe.

Ikiwa onesho ni la wazi, kama pale Ngome Kongwe, hakuna kuta za kutosha za kuirudisha sauti kwako na utajiona unapiga kidogo. Usikandamize upinde kwa hofu. Nota za okestra zibanwe kwa vibanio vya nguo, kwa sababu upepo wa baharini hauna adabu na karatasi. Waandalizi na mwongozaji wapange ratiba ili adhana ya Isha isiikute sehemu ya pili katikati.

Linganisha nyuzi zako kwa A ya okestra ile, si kwa simu yako. Kipimo cha kawaida cha A ni mitetemo 440 kwa sekunde, lakini okestra nyingi za Ulaya ziko juu kidogo, na katika joto letu ala za kupuliza hupanda huku nyuzi zikishuka, hivyo sikiliza tena kabla ya sehemu ya pili.

Nota ya mwisho ikiisha, uache upinde juu mpaka sauti imalizike. Mpe mkono mwongozaji, kisha kinara, ndipo uinamie wasikilizaji. Ukifika nyuma, futa unga wa rosini (utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde) juu ya nyuzi na mbao, ulegeze upinde, na kabla ya kula andika miendo iliyofanya kazi na iliyokataa. Nota za okestra zilizokodishwa hurudi kwa mwenyewe zikiwa safi, kwa hiyo kusanya vitabu usiku ule ule, ufute alama za penseli, na uvihesabu pamoja na mtunza nota kabla wapigaji hawajatawanyika.