Kwenda Kazini kwa Baiskeli Uingereza: Namna ya Kupata Nafuu ya Kodi Bila Kupunjika

Tangu mwaka 1999 sheria ya kodi ya Uingereza inamruhusu mwajiri kumkodishia mfanyakazi wake baiskeli pamoja na helmeti, taa na kufuli, na malipo ya kukodi yakakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato na michango ya Bima ya Taifa. Mpango huu huitwa Cycle to Work. Aliyejiajiri hahusiki, kwa hiyo anza kwa kuiuliza ofisi ya utumishi kama mwajiri wako amejiunga.

Chukua baiskeli ya pauni 800 inayolipwa kwa miezi 12. Karatasi yako ya mshahara itaonyesha makato ya pauni 66.67 kila mwezi, lakini kwa anayelipa kodi ya asilimia 20 na Bima ya Taifa ya asilimia 8, pesa ya kutumia itapungua kwa pauni 48 tu. Kwa mwaka ameokoa pauni 224. (Uskoti ina viwango vyake vya kodi ya mapato.)

Kikwazo kikubwa kinawagusa ndugu zetu wengi wanaotunza wazee au kufanya kazi maghalani: baada ya makato, mshahara hauruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha kisheria, ambacho hupandishwa kila Aprili. Anayefanya saa 160 kwa mwezi atapunguziwa kama peni 42 kwa saa, hivyo malipo yake lazima yazidi kima hicho kwa angalau kiasi hicho. Mama mjamzito naye apige hesabu mapema, kwa sababu mshahara uliopunguzwa unaweza kushusha malipo ya likizo ya uzazi.

Sheria inataka baiskeli itumike zaidi kwa safari za kazi, na hapo ndipo hewa inaponufaika kweli. Asubuhi ya baridi, kichujio cha moshi kwenye ekzosi hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate moto, kwa hiyo gari linalokwenda maili mbili tu hutoa moshi mchafu zaidi mwanzoni mwa safari, tena kwenye mitaa ileile ambayo watoto wanapita kwenda shule. Kama kuna vilima, baiskeli ya umeme inakubalika, mradi mota yake isizidi wati 250 na iache kusukuma ifikapo maili 15.5 kwa saa.

Wengi huumia mwishoni, kwa kuwa ukimaliza kulipa baiskeli bado si yako. Mamlaka ya kodi huhesabu kwamba baiskeli iliyonunuliwa kwa pauni 500 au zaidi hubaki na asilimia 25 ya bei yake baada ya mwaka mmoja, yaani pauni 200 kwa mfano wetu, na ukiinunua kwa thamani hiyo ili iwe yako, karibu akiba yote inayeyuka. Baada ya miaka minne hubaki asilimia 7, yaani pauni 56. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, uliza kwa maandishi kama muda wa kukodi unaweza kurefushwa hadi miaka minne na kwa gharama gani.