Kadi ya bangi ya matibabu Pennsylvania: jinsi ya kuipata na mahali ulinzi wake unapoishia

Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani liliruhusu bangi itumike kwa matibabu kwa sheria namba 16 ya mwaka 2016, na maduka yake yakaanza kuwauzia wagonjwa Februari 2018. Utaratibu wa kuipata kadi si mgumu. Kigumu ni kuelewa kwamba ruhusa hiyo imetolewa na jimbo peke yake, ilhali sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inaihesabu bangi miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, na mambo ya uhamiaji yote huamuliwa kwa sheria ya shirikisho.

Kwa sababu hiyo, msomaji ambaye bado hajapata uraia wa Marekani, awe mkimbizi kutoka Kongo anayeishi katika miji ya Lancaster au Erie, mwanafunzi, au mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), aanze kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kumwona daktari. Mwongozo uliotolewa na USCIS, idara ya shirikisho ya uraia na uhamiaji, mwezi Aprili 2019 unaeleza wazi kwamba matumizi ya bangi, hata yale yanayofuata sheria ya jimbo, yanaweza kumfanya mwombaji wa uraia ahesabiwe kuwa hana mwenendo mwema. Aidha, mtu anayerudi kutoka safarini akikiri mbele ya afisa wa mpakani kwamba ametumia bangi anaweza kuzuiwa kuingia ingawa hajawahi kushtakiwa mahakamani. Kudanganya nako hakumsaidii, kwani uongo mbele ya afisa wa uhamiaji huzaa tatizo jingine kubwa. Mgonjwa wa namna hii amuulize daktari wake kama zipo dawa zinazotambuliwa na serikali ya shirikisho na kutolewa kwa cheti cha kawaida, kama vile Epidiolex kwa aina fulani za kifafa, au dronabinol kwa kichefuchefu kinachotokana na tiba ya saratani.

Asiye na kikwazo hicho ajisajili kwanza katika tovuti ya Idara ya Afya ya jimbo, kwenye rejista ya bangi ya matibabu, akiwa na leseni ya udereva au kitambulisho kilichotolewa na PennDOT, yaani Idara ya Uchukuzi ya jimbo. Jina na anwani viandikwe kama vilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Watu wetu wenye majina matatu, ambayo kila ofisi imeyapanga kwa namna yake, wakague jambo hili mapema na kusahihisha kitambulisho kwanza ikibidi.

Baada ya hapo mgonjwa humwona daktari aliyeidhinishwa na Idara, ambaye huthibitisha kwamba ana mojawapo ya magonjwa yaliyotajwa na sheria. Miongoni mwake ni saratani, kifafa, selimundu, VVU, usonji, maumivu sugu, matatizo ya wasiwasi uliopita kiasi, na athari za kiwewe, ambazo waliotoka vitani wanazifahamu vizuri. Apeleke kumbukumbu za matibabu yake ya awali na orodha ya dawa anazotumia. Daktari akishathibitisha, mgonjwa hurudi kwenye rejista na kulipa dola 50 za kadi, na anayepata msaada wa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au SNAP (msaada wa chakula) anaweza kuomba nafuu ya ada hiyo. Malipo ya daktari ni ya pembeni, na hutofautiana sana, kwa hiyo ni busara kuuliza bei kwa zaidi ya mmoja. Mtoto aliye chini ya miaka 18 lazima awe na mlezi aliyesajiliwa, ambaye hukaguliwa kama ana rekodi ya jinai.

Dukani huuzwa vidonge, matone, marhamu, na majani makavu ya kuvutwa kwa kifaa cha mvuke. Kuwasha na kuvuta kama sigara kumekatazwa, na kulima nyumbani ni kosa hata kwa mwenye kadi. Dawa ibaki katika kifungashio chake chenye lebo.

Kuhusu kazi, sheria ya jimbo inamkataza mwajiri kumfukuza mtu, au kukataa kumwajiri, kwa sababu tu amethibitishwa kuwa mgonjwa wa bangi ya matibabu. Hata hivyo, mwajiri halazimiki kuruhusu itumike mahali pa kazi, na anaweza kumwadhibu aliyefika kazini akiwa amelewa. Madereva wa malori wasijidanganye: vipimo vya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani havitambui kadi ya jimbo lolote, na anayekutwa na bangi huondolewa barabarani. Hata dereva wa gari dogo anaweza kushtakiwa Pennsylvania kwa kiasi chochote kitakachoonekana kwenye damu, ijapokuwa alitumia siku iliyotangulia. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya sheria inayowaonea wagonjwa kuliko zote, lakini ndiyo inayotumika.

Kwa upande mwingine, sheria inasema kwamba mtu kuwa mgonjwa wa bangi ya matibabu, kwa hali hiyo pekee, hakutoshi kuamua nani apewe malezi ya mtoto, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu Kabisa ya jimbo iliamua, katika kesi iliyohusu wilaya ya Lebanon, kwamba mahakama ya huko haikuwa na haki ya kuwapiga marufuku kutumia bangi ya matibabu wenye kadi walio chini ya uangalizi wa mahakama. Anayeomba nyumba inayogharimiwa na serikali ya shirikisho anaweza kukataliwa, na anayetaka kununua bunduki ajue kwamba fomu ya shirikisho humuuliza juu ya matumizi ya bangi na kumkumbusha kuwa ruhusa ya jimbo haihesabiki.

Bangi hiyo isivushwe mpaka wa jimbo, hata kuingia jimbo jirani lililoiruhusu. Nchini Kenya na Tanzania kadi hii haina nguvu yoyote, na anayekutwa na matone hayo katika uwanja wa ndege anaweza kushughulikiwa kama mwingiza dawa za kulevya, kwa hiyo anayepanga kwenda kusalimia nyumbani apange na daktari wake, wiki kadhaa kabla, dawa nyingine ya kutumia akiwa safarini.