Tumbo la IBS na Jikoni la Pwani: Jinsi ya Kumtafuta Mchokozi Bila Kuacha Chakula cha Kwenu

Wifi yangu alipoambiwa ana IBS, yaani utumbo unaouma, kujaa na kuvuruga choo mara kwa mara, alirudi nyumbani na karatasi ya makatazo: pilipili, ndimu, nazi, maharagwe, vya kukaanga. Akaishika ile karatasi kama sheria. Kila siku wali mweupe na mchuzi mwepesi wa kuku, na bado tumbo linajaa hadi dera linambana. Nilipoingia jikoni kwake nikaona mchuzi wenyewe: nusu yake ni vitunguu. Hakuna aliyemwambia kitu kuhusu vitunguu.

Mimi hupika vyakula vya shughuli hapa Mombasa, na tumbo kama lake ninalo. Haya ndiyo tuliyoyafuata.

Hatua ya 1: Hakikisha ni IBS

Kwetu tumbo likisokota mtu hukimbilia dawa ya amiba, isiposaidia ya taifodi, kisha ya amiba tena. Kama hujapimwa choo na damu, anzia hapo. Madaktari huita hali hii IBS pale maumivu yanapokuja angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, tatizo lenyewe likiwa limeanza miezi 6 au zaidi nyuma, na maumivu yakiandamana na angalau mawili kati ya haya: yanabadilika unapokwenda choo, unakwenda mara nyingi au chache kuliko kawaida yako, choo chenyewe kimegeuka kigumu au cha maji.

Usianze kubadilisha chakula, nenda hospitali kwanza, ukiona mojawapo ya haya: damu kwenye choo, kukonda bila kutaka, upungufu wa damu, homa, kuhara kunakokuamsha usiku, tatizo lililoanza ukiwa umeshapita miaka 50, au ndugu wa damu aliyepata saratani ya utumbo mpana.

Na kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki, ambapo ngano huudhuru utumbo, kifanywe wakati bado unakula ngano. Ukiacha ngano kwanza, kingamwili zinazotafutwa hupungua na majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Hatua ya 2: Daftari

Daftari la shule la mistari linatosha. Programu za simu sizipendi, zimejaa vyakula vya Ulaya na ukiandika "kaimati" zinakushangaa. Andika ulichokula, saa, maumivu, na sura ya choo kwa namba 1 hadi 7 za jedwali la Bristol: 1 ni vidonge vikavu kama kokwa, 7 ni maji matupu. Wanawake waandike na siku za hedhi. Wiki mbili hivi, ukiwa unakula kama kawaida yako.

Hatua ya 3: Mambo ya kawaida kwanza

Kula kwa saa zinazoeleweka, usishinde na njaa kisha ukamaliza sinia usiku. Chai na kahawa zisizidi vikombe 3 kwa siku, na hapa wa kahawa chungu ya jioni barazani mnajijua. Matunda yasizidi mara 3 kwa siku, kila mara kiasi cha gramu 80, yaani kama chungwa moja dogo. Punguza soda. Punguza mafuta mengi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mafuta huamsha mikazo ya utumbo mpana. Wanaotafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, waangalie pia: una kawaida ya kufunga choo, na jojo isiyo na sukari inayotafunwa nao mara nyingi huwa na sobitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, nacho ni mchokozi.

Hatua hii watu huidharau. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha mashauri haya ya kawaida na ile lishe kali nitakayoieleza chini, na kila upande karibu nusu ya wagonjwa walipata nafuu. Kwa hivyo yape mashauri haya mwezi mmoja. Yakikutosha, funga ukurasa huu uende zako.

Hatua ya 4: Vitunguu

Hapa ndipo kazi ilipo.

Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, ndicho kilichojenga lishe inayoitwa ya FODMAP ya chini. Hoja yake ni kwamba kuna aina za sukari na wanga mfupi, ndizo zinazoitwa FODMAP, ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Zinavuta maji, zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha, gesi inatoka. Kila mtu hupata gesi hiyo. Tofauti ni kwamba mishipa ya fahamu ya tumbo lenye IBS inaisikia kama maumivu. Mojawapo ya sukari hizo ni fruktani, nayo imejaa katika kitunguu maji, kitunguu thomu na ngano.

Sasa niambie ni chungu gani cha Pwani kinachoanza bila kitunguu.

Wifi yangu alidhani suluhisho ni kuviopoa vipande kabla ya kula. Haisaidii. Fruktani inayeyuka katika maji, kwa hivyo mchuzi, supu au rojo likishachemka na kitunguu, kilichomo ndani kimeshahamia kwenye maji. Haiyeyuki katika mafuta, na huo ndio mlango wetu. Weka mafuta kwenye sufuria, moto mdogo, tia punje za thomu zilizokatwa mara mbili, ziache zibadilike rangi taratibu, kisha zitoe zote kwa kijiko cha matundu. Hapo ndipo utie tangawizi, bizari, nyanya na vinginevyo. Harufu na ladha vimebaki, mchokozi ametoka. Mambo ya kuangalia:

Thomu itoke kabla tone la maji au nyanya halijaingia. Ukichelewa, umerudi ulikotoka.

Mafuta hayo pika ya siku hiyo tu. Usiyaweke kwenye chupa juu ya kabati na joto hili letu: thomu ndani ya mafuta huweza kuotesha bakteria wa sumu ya botulini, na hiyo haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Kitunguu maji mimi sikifanyii hivi. Kina maji mengi mwilini mwake na sikiamini. Badala yake nunua vitunguu vya majani, pale soko la Kongowea vipo vya kumwaga, na utumie majani ya kijani peke yake. Ile sehemu nyeupe mpe jirani.

Kisha kuna mvuje, ule utomvu mkavu wenye uvundo. Ndiyo, mvuje huohuo wa kutulizia watoto wanaolia. Ukiukaanga chembe ndogo kwenye mafuta, ule uvundo unageuka kuwa ladha ya kitunguu na thomu kwa pamoja. Wahindi hupikia dengu tangu zamani. Mamangu aliposikia harufu ikitoka jikoni kwa mkazamwana wake aliuliza, "Mna mtoto gani humu ndani anayelia usiku?" Jioni akala mchuzi wa samaki na hakusema neno. Lakini mvuje wa unga wa kopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, kwa hivyo tafuta wa donge kwenye maduka ya viungo Marikiti, usage mwenyewe.

Pilau bila kitunguu hutoka nyeupe na watu hununa. Unguza kijiko kidogo cha sukari kwenye mafuta hadi iwe kahawia, tia viungo, tia nyama, rangi itakuja. Samaki wa kupaka hana shida kabisa, tui na ndimu na tangawizi vinambeba. Biriani sijaribu. Biriani bila kitunguu ni chakula kingine, kitafutiwe jina lake.

Halafu vile vilivyojificha, maana unaweza kufanya yote haya na bado ukaumia: viungo vya pilau vya pakiti, unga wa mchuzi, vidonge vya supu, soseji, achari, na mishkaki ya barabarani iliyolazwa kwenye thomu tangu asubuhi. Soma nyuma ya pakiti. Kama imeandikwa "viungo" tu bila kutaja, iache dukani. Nunua iliki, karafuu, mdalasini, bizari nzima na pilipili manga, uchanganye mwenyewe.

Hatua ya 5: Mbaazi, maziwa, ngano na matunda

Mbaazi na maharagwe: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, ndipo utie tui. Sukari zao nazo huyeyuka majini. Kisha kula robo kikombe, si bakuli. Tui pia robo kikombe kwa mtu.

Maziwa yanayosumbua ni kwa sababu ya laktosi, sukari iliyomo ndani yake. Kwa wiki chache kunywa chai ya rangi yenye tangawizi, au nunua maziwa yasiyo na laktosi.

Mahamri na chapati ni ngano. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele, na mimi naona ni vitamu zaidi. Wali, ugali, viazi, mayai, samaki, kuku, mchicha na karoti endelea navyo. Papai, nanasi na chungwa sawa. Embe, tikiti na tende weka kando kwanza. Korosho pia, badala yake njugu. Ndizi ikiwa haijaiva sana.

Pilipili na ndimu si FODMAP. Pilipili huwachoma baadhi ya watu kwa njia yake, ndimu haina kosa lolote.

Hatua ya 6: Rudisha kimoja kimoja

Hatua ya 4 na 5 zifanye wiki 2 hadi 6, basi. Ukikaa humo miezi unawanyima chakula bakteria wazuri wa tumbo na unakosa virutubisho. Ikiwa wiki 6 zimeisha na hakuna lililobadilika, rudi kula kawaida. Tatizo lako haliko huku. Mjamzito, mtoto na aliyekonda wasianze kabisa bila mtaalamu wa lishe.

Ukipata nafuu, jaribu kundi moja kwa siku 3, kiasi kikipanda: maziwa nusu kikombe, kesho kikombe, keshokutwa kikombe na nusu. Likisumbua, simama, pumzisha tumbo siku 2 au 3, kisha kundi jingine. Embe peke yake, mkate peke yake, mbaazi peke yake. Kitunguu maji na thomu usivijaribu pamoja. Wifi yangu aligundua maziwa hayamfanyi chochote, ngano anavumilia hamri moja, kitunguu ndicho adui. Mimi mbaazi ndizo zinaniangusha, kitunguu kidogo napita nacho. Ndiyo maana karatasi moja ya makatazo haiwezi kututosha sote.

Hatua ya 7: Isabgol

Kama choo chako ni cha kufunga, au kinafunga na kuachia, maduka ya Wahindi yana maganda ya isabgol, nyuzinyuzi za mbegu zinazovimba majini. Anza kijiko cha chai kwa siku, panda polepole hadi kijiko cha mezani, kila mara na gilasi nzima ya maji na unywe papo hapo kabla hayajawa ute. Dawa nyingine ziachie saa mbili kati yake. Pumba za ngano usinunue, kwa wengi wenye IBS huongeza gesi. Wakati wa Ramadhani inywe baada ya tarawehe, si daku, kwa sababu ukishafunga huwezi kuongeza maji nyuma yake.