Msamiati wa masomo darasa la sita na la saba: anza na maneno wanayodhani wanayajua

Likija neno "usanisinuru" kila mwalimu hujiandaa. Huliandika ubaoni kwa herufi kubwa, hulitamka mara tatu, na darasa zima huitikia. Likija neno "kazi" au "zao" hupita moja kwa moja, kwani nani asiyejua kazi? Siku ya mtihani usanisinuru wanaipata, kazi wanaikosa. Kwa sababu hiyo hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Mifano ni ya Tanga mjini na vijiji vya pwani. Aliye bara aweke ya kwake.

Hatua ya 1: Chagua maneno saba ya wiki

Saba kwa masomo yote, kwa hiyo mwalimu wa Hisabati na wa Sayansi wakae pamoja dakika kumi kila Ijumaa. Msinakili orodha ya mwisho wa sura. Chukueni penseli, someni sura ya wiki ijayo, mpige mstari chini ya neno ambalo mtoto asipolielewa hawezi kujibu maswali ya sura. Kisha mgawe mafungu matatu:

- maneno mapya kabisa: usanisinuru, mmeng'enyo, jotoridi
- maneno ya nyumbani yenye maana nyingine shuleni: kazi, zao, tasa, asili, kiasi, mlaji
- vitenzi vya maswali: taja, eleza, fafanua, linganisha

Mchanganyiko unaobebeka ni mapya matatu, ya nyumbani mawili, vitenzi viwili.

Hatua ya 2: Tengeneza kadi

Karatasi moja ya manila ukiikunja katikati mara tano na kukata kwenye mikunjo inatoa kadi 32. Mbele andika neno peke yake. Nyuma andika maana isiyozidi maneno kumi na mawili na sentensi moja, halafu uache nafasi ya vidole viwili chini. Nafasi hiyo ni ya mwanafunzi mwenyewe: akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, na kadi ileile itapokea jina la pili la kitu anachokijua tayari.

Tumia maka peni nyeusi. Nyekundu haisomeki kutoka dawati la mwisho la darasa lenye watoto 80. Bango la maneno ukutani mimi silipendi. Wiki ya pili limeshakuwa pambo, na siku ya jaribio linawapa majibu.

Hatua ya 3: Maneno mapya, yapasue

Kiswahili kinasaidia hapa kwa sababu istilahi nyingi zimeundwa kwa vipande vinavyojulikana. Usanisinuru ni usanisi, yaani kuunganisha vitu ili kupata kitu kipya, pamoja na nuru. Kipimajoto na kipimapembe hazihitaji maelezo. Mvukizo umetoka kwenye mvuke: mvuke, kuvukiza, mvukizo. Waandikie mlolongo wote ubaoni, maana ukiacha neno peke yake wapo watakaoliunganisha na kuvuka barabara.

Kwa mvukizo usichemshe maji darasani. Ukichemsha, watoto wanashika kwamba mvukizo ni kuchemka. Watajie mashamba ya chumvi: maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linapiga, maji yanaondoka, chumvi inabaki, na hakuna aliyeona mapovu. Mvukizo hutokea kwenye uso wa maji katika jotoridi lolote, yaani kiwango chochote cha joto. Mchemko hutokea ndani ya maji yote, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi kwa sisi tulio usawa wa bahari.

Oksijeni, seli na bakteria usiyapasue. Yanajifunzwa mazima.

Hatua ya 4: Maneno ya nyumbani

Gawa ubao katikati kwa mstari. Upande wa kushoto andika maana wanazokupa wao, zote, hata za mitaani. Upande wa kulia andika maana ya somo. Kisha uliza swali moja: hizi mbili zinakutana wapi? Usiwaambie "hapa lina maana tofauti, likaririni". Neno lililotenganishwa na maana yake ya nyumbani halikai kichwani, na ile ya zamani hurudi mtoto akibanwa na muda.

Asili na kiasi ndiyo mfano rahisi wa kuanzia. Chukua mkate wa kumimina uliokatwa vipande 8, ukala 3. Mkate kwa asili yake ulikuwa vipande 8, na kiasi ulichochukua ni 3. Sehemu ni 3/8: asili iko chini, kiasi kiko juu. Aliyeelewa hivi hazigeuzi tena.

Zao ni gumu zaidi, na sababu yake walimu wengi hawaioni. Mtoto wa Tanga analijua zao la mkonge, na daraja la maana lipo: shamba linatoa mkonge, kuzidisha kunatoa zao. Lakini ukimpa "Tafuta zao la 6 na 4" anaandika 10. Kosa liko kwenye "na". Tangu darasa la kwanza "na" imekuwa ishara ya kujumlisha, kwa hiyo jicho linairukia hiyo na kuliacha zao. Dawa ni kuwazoesha kuzungushia duara neno zao kabla ya kugusa namba. Wape maswali kumi, matano yakiwa na "jumla ya 6 na 4" na matano yakiwa na "zao la 6 na 4", yakiwa yamechanganywa. Ukiyatenga kwa makundi, watajibu kwa mazoea na hutagundua nani hajaelewa.

Tasa linahitaji uangalifu wa aina nyingine. Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Maana ya nyumbani inaeleweka haraka, lakini ni neno linaloumiza watu, na katika darasa kubwa hakosekani mtoto mwenye shangazi au mama mdogo anayesemwa kwa neno hilo. Sema mara moja kwamba tasa ni asiyezaa, kata vicheko, nenda kwenye namba. Kisha shughulikia mitego miwili: 1 si tasa kwa kuwa ina kigawo kimoja tu, na 2 ni tasa ingawa ni shufwa.

Kwa witiri na shufwa, wengi wamelisikia la kwanza chuoni, yaani madrasa. Sala ya witiri huishia kwenye rakaa isiyo na mwenzake, na namba witiri ukiipanga wawiliwawili inabakiza moja. Kwa wasiosoma chuo tumia viatu mlangoni: vikitimia jozi ni shufwa, kimoja kikikosa mwenzake ni witiri.

Kazi na joto hayanyooki mpaka utoe mfano unaokataa. Mfano unaokubali peke yake hautoshi. Mpagazi bandarini akiinua mzigo wa kilo 50 hadi begani, mita 1.5, amefanya kazi: kani (nguvu ya kuinua) ya Nyutoni 500 mara mita 1.5 ni Jouli 750. Akisimama palepale nusu saa na mzigo begani, jasho linamtoka, na kazi aliyoufanyia mzigo ni sifuri, maana haukusogea. Darasa litabisha. Waache wabishe dakika tano. Kipindi kilichokwenda bila ubishi hapa hakijaingia.

Kwa joto na jotoridi tumia kikombe cha chai ya nyuzi 80 na ndoo ya lita 20 ya maji ya uvuguvugu, nyuzi 40. Chai ina jotoridi kubwa, lakini vikiachwa vipoe hadi hali ya chumbani, ndoo itakuwa imetoa joto jingi zaidi kwa sababu maji yake ni mengi. Kipimajoto hupima jotoridi. Anayesema kinapima joto mrudishe ubaoni.

Funga kila neno kwa sentensi mbili daftarini, moja ya nyumbani na moja ya somo, kwa neno lilelile. Sentensi ya somo peke yake huwa imenakiliwa kwa jirani.

Hatua ya 5: Vitenzi vya maswali

Vifundishe kwa mada moja ambayo hawahitaji kuifikiria, ili akili yote iende kwenye kitenzi. Pwani mada hiyo ni maji kujaa na kupwa.

- Taja nyakati mbili za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida): mwezi mpevu, mwezi unapoandama. Majina tu; anayeongeza sababu anajipotezea muda.
- Eleza kwa nini bamvua hutokea: kwa sababu jua, dunia na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na mivuto inajumlishana. Jibu lisilo na "kwa sababu" au "kwa kuwa" limekosa.
- Tofautisha bamvua na maji mafu: bamvua hujaa sana na kupwa sana, ilhali maji mafu hujaa kidogo na kupwa kidogo. Lazima "ilhali" iwepo.
- Linganisha: yanayofanana kwanza, kisha yanayotofautiana. Wengi wanaleta tofauti tu na kukosa nusu ya alama.

Fafanua ni eleza yenye mfano. Ainisha ni kupanga makundi na kutaja kigezo ulichotumia.

Hatua ya 6: Rudia

Siku ya kwanza baada ya kufundisha, ya tatu, ya saba, ya ishirini na moja. Dakika tano mwanzoni mwa kipindi. Onyesha neno, waandike maana nyuma ya daftari kabla hujageuza kadi. Kuitikia kwa pamoja hakukuonyeshi kitu: kumi wanajua, sabini wanafuata sauti.

Kadi inayokosewa na zaidi ya robo ya darasa siku ya ishirini na moja usiirudie kwa kukaririsha. Irudishe hatua ya nne, uchore mstari ubaoni, uulize tena nyumbani linamaanisha nini. Mara nyingi utakuta kuna maana upande wa kushoto ambayo hukuiandika mara ya kwanza.