Usiikaushe: ninavyofufua boti kuukuu ya mbao

Mama mmoja wa Ukerewe aliniletea boti ya marehemu baba yake ikivutwa na mtumbwi, maji yamejaa hadi kwenye mbao za kukalia. Mita 9, mvule mtupu, na ubavuni imebandikwa viraka vya bati kama nguo ya fundi rangi. Alitaka ibebe machungwa kuja Mwanza.

"Fundi, wiki mbili zitatosha?"

"Mama, wiki mbili ni za kuitazama tu."

Alidhani namtania.

Boti kuukuu ikitolewa majini, kwanza itafutie kivuli. Ipandishe juu ya magogo yanayoubeba mkuku, ule uti wa chini wa boti, kwa sababu uzito unatakiwa ukae kwenye mkuku; zile nguzo za ubavuni ni za kuizuia isilale tu. Ukiiegemeza kwa mbao za ubavu itapinda, na ikishapinda hairudi. Funika kwa turubai, acha upepo upite chini, tandaza magunia yaliyolowa ndani, uyamwagie maji asubuhi na jioni. Watu hunicheka mwaloni: boti imetoka majini, na wewe unaimwagia maji! Wacha wacheke. Mimi nimeshalipia somo hilo.

Boti ya kwanza niliyotengeneza niliianika juani mwezi mzima. Mbao zikasinyaa, maungio yakafunguka hadi kidole kikaingia. Nikafurahi, nikaona nimepata nafasi nzuri ya kukalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba. Nikagongomea pamba kwa nguvu zangu zote za ujana, juu yake nikajaza gundi ngumu ya dukani, nikaishusha. Siku ya kwanza haikuvuja hata tone. Siku ya nne usiku nikasikia mlio kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Mbao zilikuwa zimekunywa maji na kuvimba, zikakosa pa kwenda, zikayasukuma mataruma, zile mbavu za ndani ya boti. Matatu yalikatika, na misumari ikachomoka. Nilimlipa mwenye boti kwa awamu.

Basi shika hili: upana wa maungio unaouona nchi kavu si upana wa kweli. Pamba ikae kwa kubana kiasi, isipigwe kama kigingi. Pamba hapa kwetu haina shida, hii ni nchi ya pamba. Chukua iliyochambuliwa, safi, isokote nyuzi nene kama penseli. Iingize kwa chembeu butu na nyundo ya mbao, ukiikunja vikunjo vidogo vidogo. Sikiliza nyundo. Mwanzo mlio ni mzito, kisha unainuka na kuwa mkavu. Ukiinuka tu, songa mbele. Juu ya pamba paka rangi ya msingi, kisha jaza unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani mpaka uwe kama donge la chapati. Unabaki laini, na mbao zikivimba unakubali kusukumwa nje. Gundi ngumu haikubali.

Lakini kabla ya pamba kuna uozo. Ziwa letu ni maji baridi, hivyo hatuna yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Ila chumvi ya bahari huzuia ukungu, na sisi hatuna chumvi. Boti za ziwani huoza kuanzia juu kwenda chini, kwa maji ya mvua: kwenye pembe za omo (mbele) na tezi (nyuma), chini ya mbao za kukalia, na mahali popote taka zinapoziba njia ya maji kuelekea kwenye ngama, kule chini yanakokusanyika. Chukua bisibisi nyembamba, choma kila mahali. Kwenye mbao nzima inagoma. Ikizama nusu sentimita bila ubishi, kata. Endelea kukata hadi sentimita 30 ndani ya mbao nzima, maana ukungu hutangulia kuliko macho yako. Kisha gonga kwa nyundo: mbao nzima inalia ngo, mbovu inasema bu.

Na bati libandue lote. Fundi aliyelipigilia alikuwa anaziba uvujaji wa siku ile, simlaumu, lakini bati hufungia unyevu ndani na chini yake mbao hugeuka kuwa ugoro. Kwa yule mama tulibandua vipande 37. Chini ya 22 palikuwa pameoza.

Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu bila kufunika pua. Nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Ilowanishe kwanza, na watoto wasisogee. Rangi mpya ya chini usinunue ile ya baharini yenye shaba. Wale viumbe wa baharini wanaong'ang'ania boti hatuna, na maji haya watu wanayachota ya kunywa.

Injini. Boti ya mama ilikuwa na injini ya dizeli ya Lister ya silinda moja, ile ile iliyosaga mahindi vijijini, yenye uzito wa kama kilo 300. Mama alitaka kuiuza aweke ya kisasa nyepesi. Inawezekana, lakini ule uzito uliokaa chini ndio uliokuwa ukiituliza boti. Ukiutoa, weka mawe au vyuma sakafuni na uvifunge visitembee. Sisi wa Mwanza tunaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka. Sina la kuongeza kuhusu boti inayoyumba. Mwishowe Lister ilibaki. Mdomo wa kuvutia maji ya kupoozea niliuwekea chujio la kufungua kwa mkono, kwa sababu magugu maji yakiuziba, injini inachemka ndani ya dakika chache.

Ukikuta boti yenye boila ya mvuke, usiwashe moto ili kuijaribu. Ijaze maji baridi pomoni, ipigwe presha mara 1.5 ya ile ya kazi, mbele ya mtu mwenye ujuzi wa boila. Maji baridi yakipasua chuma, yanamwagika tu. Maji moto yakipasua chuma, yanageuka mvuke papo hapo na kutanuka zaidi ya mara 1,000.

Siku ya kushusha, iache kina kifupi siku 3, nusu imezama, inywe. Fua maji kwa ndoo, tazama, fua tena. Ya mama siku ya kwanza ilitaka ndoo 40, ya tatu ndoo moja. Hapo ndipo tulipolinganisha shafti na injini, ikiwa imeshaelea, maana boti hubadilika umbo ikiingia majini. Pima kaplingi, kile kiungo cha shafti na injini, kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) pande nne. Kwa yenye kipenyo cha milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Pakini ya shafti, ile kamba ya kuzuia maji yasiingie, iachwe idondoshe matone mawili matatu kwa dakika shafti ikizunguka. Usiikaze hadi ikauke, itaungua.

Maboya ya kuvaa yawe sawa na idadi ya watu, pampu ya mkono hata kama una ya umeme, nanga, ndoo, kizimamoto, kisha ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Baada ya saa 10 za kwanza za injini, kaza upya boliti zote za kitako chake.

Mabati tuliyobandua mama aliyahesabu mwenyewe, yote 37, akayapakia chini ya viti. Nasikia ameezekea banda la kuku.