Gari la nozeli linalogoma kuwaka likiwa na moto: jinsi ya kumpata mchawi

Asubuhi linawaka mara moja. Ukilitembeza, ukalizima kwa robo saa na kurudi, stata inazunguka tu, injini haishiki. Likipoa, linawaka kana kwamba halikuwa na lolote. Magari ya petroli ya nozeli, yaani yanayopuliziwa mafuta na nozeli badala ya kabureta, ya miaka ya 1980 na 1990 yana sana ugonjwa huu, na wengi huutibu kwa kubahatisha: pampu, kisha plagi, kisha koili, hadi pesa zinakwisha. Naomba usifanye hivyo. Lipime likiwa linaugua, maana likishapoa ushahidi umepotea. Weka tayari geji ya presha ya mafuta, maltimita, plagi nzima ya kupimia cheche, kitambaa na chupa ya maji baridi.

Hatua ya 1: Lifanye ligome. Acha injini ingurume mpaka feni ya rejeta iwake, zima, funga boneti, subiri dakika 15 hadi 20. Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena, na joto la chuma hupanda hadi kwenye nozeli na sensa. Ndiyo maana linagoma baada ya kuegeshwa, si barabarani.

Hatua ya 2: Sikiliza stata. Ikizunguka kwa uvivu, achana na mafuta. Angalia betri, waya wa ethi na stata yenyewe, hasa kama imekaa karibu na bomba la ekzosi.

Hatua ya 3: Cheche ipo? Chomeka plagi ya akiba kwenye waya wake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na mvuke wa petroli, mwenzako apige stata. Cheche ikiwapo, endelea na hatua ya 4. Isipokuwapo, ruka hadi ya 5.

Hatua ya 4: Mafuta. Hapa ndipo ninapowakuta wachawi wengi. Anza na majaribio mawili yasiyohitaji kifaa.

La kwanza: kama pampu ya gari lako hunguruma ukifungua swichi, fungua usikie mngurumo wa sekunde mbili, funga, rudia mara tatu au nne, ndipo upige stata. Likiwaka hapohapo, presha ilikuwa imevuja na petroli ikageuka mvuke kwenye reli ya nozeli.

La pili: kanyaga akseleta mpaka chini huku ukipiga stata. Kompyuta nyingi hapo hupunguza au kukata mafuta. Injini ikishika kwa kukohoa, moshi mweusi na harufu ya petroli, basi ilikuwa imezama, yaani imejaa petroli kupita kiasi.

Presha ikishukiwa, funga geji. Mifumo mingi ya aina hii huwa kati ya bar 2.5 na 3, ila fuata kitabu cha gari lako. Zima injini uangalie mshale. Kushuka polepole si neno. Ukianguka karibu na sifuri ndani ya dakika moja au mbili, kuna mahali panavuja. Chomoa kampira kembamba ka vakyumu kwenye regileta ya presha (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta kwenye reli): ukikuta kameloa petroli au kananuka, ngozi ya ndani imechanika, badilisha regileta. Kama ni kakavu, washa tena, zima, kisha bana mpira wa kurudishia mafuta kwa koleo lisilo na meno. Mshale ukitulia, bado ni regileta. Ukiendelea kushuka, rudia kwa kubana mpira unaotoka kwenye pampu. Ukitulia, ni vali ya pampu inayozuia mafuta kurudi tangini. Pote ukishuka, nozeli inadondosha. Mipira iliyokauka usiibane, itapasuka.

Kama injini inazama na presha ni nzima, pima sensa ya joto la maji inayotumwa kwa kompyuta, si ile ya mshale wa dashibodi. Kwa kawaida husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na mia mbili hadi mia nne hivi kwenye 80. Ikibaki kwenye maelfu injini ikiwa na moto, inaidanganya kompyuta kuwa ni asubuhi ya baridi, nayo inamwaga mafuta.

Hatua ya 5: Cheche imepotea. Kama mshale wa mzunguko wa injini hautikisiki kabisa stata ikizunguka, mshuku sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka) au ya ndani ya distribyuta. Funika sensa kwa kitambaa chenye maji baridi dakika chache. Usimwagie bloku wala ekzosi. Cheche ikirudi, umempata. Sensa ya waya mbili ya sumaku ipime pia kwa omu: ikikatika ikiwa na moto na kurudi ikipoa, itupe. Ignita, kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili ili itoe cheche, nayo hufa kwa joto vivyo hivyo, na kitambaa kilekile huifichua.

Hatua ya 6: Pampu kimya, cheche ipo. Gonga relei kuu (swichi ya umeme inayoipa pampu umeme) kwa mpini wa bisibisi wakati swichi iko wazi. Pampu ikinguruma, fungua relei, utazame lehemu zake kwa kioo cha kukuzia. Mduara mwembamba mweusi kuzunguka mguu wa relei ni ufa unaotanuka kwa joto; chomea upya lehemu zote, si hiyo moja tu.